Maua ya Kona Niliyoyacheka Bura

Nyinyi mliobaki barazani na cherehani, nawaandikia haya kwa sababu goti langu la kulia limekataa kanyagio, na fundi asiyekanyaga hana la kufanya pale ila kuwachelewesha wateja kwa hadithi. Basi hadithi nimezihamishia kwenye karatasi. Mkizichoka mtaikunja. Nilipokuwa nimekaa pale hamkuweza kunikunja. Mwandiko mtaniwia radhi. Shule niliishia darasa la tatu, mto ulipopanda ukabeba darasa lenyewe na ubao wake, na uliposhuka hakuna aliyenikumbusha kurudi.

Mimi ni Mpokomo wa Idsowe. Babu alilima, baba alilima, kaka yangu Maro analima mpaka leo, mpunga maji yakija, mahindi maji yakienda, ndizi katikati. Na mimi ningelima. Lakini siku moja nilipeleka ndizi Garsen, mvua ikanyesha, barabara ikakatika, nikakaa na ndizi zangu kwenye baraza ya duka mpaka zikaanza kuiva na kunisuta. Kwenye baraza hiyo palikuwa na mama mmoja wa Kipini, Bi Mwanaesha, akitia maua kwenye shuka kwa cherehani. Sijawahi kuona jambo kama lile. Nilijua cherehani hushona suruali, inakwenda mbele tu kama ng'ombe anayejua njia ya kisimani. Ya kwake ilizunguka, ikarudi, ikajipinda, na ilikopita likabaki ua.

Akaniona nimekodoa macho. "Wewe wa ndizi, una mke?"

"Sina."

"Basi kaa unishikie hii shuka. Mwenye mke angekwishaitwa nyumbani."

Nikashika. Barabara ilipofunguka ndizi zilikuwa zimeoza, na mimi nilikuwa bado nimeshika.

Kazi ya siku za kwanza haikuwa maua. Aliitoa futi, kile chuma kinachokandamiza kitambaa, akaiweka kwenye kopo. Akayashusha meno yanayosukuma kitambaa. Akaniambia, "Sasa hii cherehani haina akili tena. Akili ni wewe." Kitambaa unakibana kwenye fremu ya mbao, duara ndani ya duara, unakivuta mpaka ukikipiga kidole kinalia kama ngoma, halafu mikono ndiyo inayokitembeza chini ya sindano. Nilivunja sindano mpaka akaninyang'anya uzi, akanipa kanyagio peke yake. Nikakanyaga hewa. Alikuwa akikaanga viazi kule nyuma, amenipa mgongo, na mguu wangu ukiyumba tu anaita, "Unakimbia," au, "Umelala." Hakuwa akinitazama. Alikuwa akisikiliza.

Michoro tuliitoboa kwenye karatasi kwa pini, tukaweka karatasi juu ya kitambaa, tukapaka bluu ya kufulia iliyolainishwa kwa mafuta ya taa. Ukiondoa karatasi unakuta nukta nukta za mchoro. Nyinyi leo mna mashine za umeme zinazochora zenyewe, na sitazisema vibaya, maana hazijawahi kuumwa goti. Lakini ile harufu ya mafuta ya taa niliizoea mpaka leo nikiisikia nadhani kuna harusi.

Na kona ina sheria yake. Mwanafunzi yeyote akipewa kona hulichora ua limeelekea nje, kichwa kwenye ncha ya kitambaa, kwa sababu kikiwa bapa mezani linaonekana zuri. Kitandike sasa kwenye meza ndogo, kona inaning'inia, na ua linaning'inia kichwa chini kama popo. Shina liwe kwenye ncha, ua lipande juu. Nilimshona popo wangu wa kwanza kwenye kitambaa cha mama mchungaji, naye kwa upole wake akaniambia ni ua linalosujudu.

Ua langu mwenyewe, nililolichora bila kumwiga mtu, lilikuwa yungiyungi, lile la kwenye maji yaliyotulia, na jani lake bapa chini. Yungiyungi ndilo lililonifikisha Bura. Nitafika huko. Kwanza niwape kisa cha Hawa, kwa sababu nikilitaja la Bura sitakuwa na moyo wa kurudi nyuma.

Hawa alikuwa mama wa Kiorma, mtu mzima, mwenye ng'ombe. Alileta vitambaa vyeupe vya mraba akasema nivitie maua, ni vya kufunikia vibuyu vya maziwa, binti yake anaolewa. Nikajitahidi. Yungiyungi kila kona, majani, hata tone la maji nililitia. Akavichukua. Kesho yake karudi na kibuyu kimoja kimefunikwa, kamba imezungushwa shingoni. Katikati palipotanda juu ya mdomo wa kibuyu palikuwa peupe kama alivyoniletea. Maua yangu yote yalikuwa yamekunjwa chini ya kamba kama nywele chini ya mtandio.

"Mpokomo," akaniambia, "nyumba yangu ni mviringo. Kibuyu changu mviringo. Zizi la ng'ombe wangu mviringo. Hizi kona umezitoa wapi?"

Bi Mwanaesha alicheka mpaka akashika ukuta. Nilivirudia vyote, ua katikati. Tangu hapo sijawahi kutia uzi kwenye sindano kabla ya kumuuliza mteja kitambaa kinakwenda kuishi wapi. Muulize hivyo na nyinyi. Kicheko cha Hawa niliweza kukibeba, kwa sababu alicheka nilipokosea.

Kicheko kingine sikukiweza. Kuna wanaume wa Lamu na Kipini wanaodarizi kofia kwa mkono na hakuna anayewacheka. Kofia inakaa kichwani kwa mwanamume, inakwenda msikitini. Yangu yalikuwa maua ya foronya. Yanakwenda kitandani kwa bibi harusi. Vijana wa stendi ya Garsen waliniita Mama Maua. "Mama Maua, umeamkaje? Mama Maua, leo tunapika nini?" Niliwaitikia. Ukikataa jina linakomaa. Nikienda Idsowe nilificha kitambaa chini ya majani ya ndizi, na shangazi yangu aliwauliza watu, mimi nikiwa hapo hapo, huyu mtoto ametiwa nini huko Garsen. Nilioa, nikazaa, nikajenga, na bado mgeni akiniuliza kazi yangu nilisema, "Niko na cherehani," nikitumaini atafikiri suruali.

Bi Mwanaesha alizeeka akarudi kwao Kipini kungoja siku yake, akaniachia cherehani. Baraza ikawa yangu. Palikuwa na mchuuzi mmoja, Mama Salama, aliyenunua vitambaa kwangu akavipandisha na mto mpaka Hola na Bura. Watu wa huko hawakunijua. Walijua fundi wa Garsen, na kwa kuwa ni maua, walijijazia wenyewe kwamba ni mwanamke. Mama Salama hakuwarekebisha. Alisema kitambaa cha mwanamke huuzika haraka. Na mimi sikumwambia awarekebishe.

Sasa Bura.

Mwanangu Buya alisoma, akapata kazi ya ukarani Hola, akampenda binti anayeitwa Rehema, mtoto wa Mzee Jillo, mkulima wa skimu ya umwagiliaji ya Bura. Tulipokuwa tunajiandaa kwenda kuposa, Buya akaja Garsen. Hakuja barazani. Aliniita nyuma ya nyumba, kwenye kamba ya nguo.

"Baba, kule nimewaambia wewe ni mkulima."

"Mkulima wa nini?"

"Mpunga. Na ndizi. Idsowe."

"Shamba la Idsowe analima Maro. Mimi mara ya mwisho nilikwenda kule kuzika."

"Baba, wale wazee wana maneno. Nikisema babangu anatia maua…" Hapo akashika kibanio cha nguo, akakifungua, akakifunga.

Ningeweza kumwambia kuwa ni maua yaliyomfikisha kwenye kiti cha ukarani. Sikusema. Nitawaambia kwa nini sikusema. Nilimwelewa. Niliona ni mtoto mwenye busara kuliko mimi, maana alikuwa amepata neno nililolitafuta maisha yangu yote. Mkulima.

Nikatazama viganja vyangu. Fundi wa kudarizi ana mikono laini, lazima iwe laini, ngozi yenye sugu hukamata nyuzi. Mzee wa skimu akinishika mkono tu atajua. Basi nikaenda Idsowe kwa Maro, nikaomba jembe, nikalima kutwa na kesho yake tena. Maro alisimama kwenye tuta akiniangalia. Yeye ndiye angekuwa mshenga wetu, kwa hiyo ilibidi nimweleze.

"Ndugu yangu," akasema, "unalima kama mtu anayetafuta pete."

Sugu sikupata. Nilipata malengelenge. Nikaenda kuposa na malengelenge mawili kiganjani, na nikajiona nimejiandaa.

Mzee Jillo alitupokea mlangoni. Mwanamume mrefu, mkono wake kama ubao. Akanishika mkono, akaushika kitambo, akaniachia. "Karibuni, watu wa mto," akasema. Tukaingia.

Jamani. Kila kiti cha nyumba ile kilikuwa na kitambaa mgongoni na kila kitambaa kilikuwa changu. Meza ilikuwa na yungiyungi kona nne. Redio ilikuwa na yungiyungi. Pazia la mlango wa ndani, yungiyungi. Nilikuwa nimeingia kwenye nyumba ya watu nisiowajua nikakuta mikono yangu imetangulia. Nikakaa. Kwenye mkono wa kiti changu kona moja ilikuwa imejikunja, na vidole vyangu vikaenda vyenyewe kuinyoosha. Buya akakohoa. Nikaurudisha mkono mapajani.

Mazungumzo yakaanza vizuri. Maro ni msemaji. Wakaulizana habari za maji, mifereji, nguruwe pori, na mimi nikaitikia pale Maro alipoitikia. Kisha mke wa Mzee Jillo, Mama Rehema, akaleta chai, akaona naitazama meza.

"Unaviangalia vitambaa vyangu," akasema. "Ni vya fundi mmoja wa huko kwenu Garsen. Mama mmoja, nasikia ni wa Kipini. Nyinyi watu wa kule mnamjua?"

Kikombe kilikuwa mkononi. Buya alikuwa ananitazama, si usoni, alinitazama kifuani, kama mtu anayengoja kupigwa. Nikasema, "Mama, sisi wakulima mambo ya vitambaa hatuyajui."

Ningeishia hapo ningekuwa mwongo wa kawaida. Lakini Mzee Jillo akaingiza utani wake. "Mimi katika nyumba hii sina pa kuegemea. Nikikaa naambiwa usilalie maua. Siku nikifa watanitafuta katika bustani hii wasinione." Wanaume wakacheka. Nami nikacheka, nikawapita wote kwa sauti, halafu nikaongeza langu. Nikasema, "Na mume wa huyo fundi je? Bila shaka analishwa nyuzi."

Wakacheka zaidi. Nilifurahi walivyocheka. Hilo ndilo siwezi kulimeza mpaka leo, kwamba nilifurahi.

Mama Rehema hakucheka. Aliweka birika chini. "Huyo mama mimi namheshimu," akasema. "Mwaka ule mfereji ulipokauka tuliuza viti. Vitambaa sikuviuza. Tulikalia magunia, na magunia nikayatandika hivi hivi. Mgeni akija anakuta nyumba." Kisha akamgeukia Maro, maana mshenga ndiye anayeambiwa. "Na binti yetu ana ombi moja tu. Akishaolewa, apelekwe Garsen kwa huyo mama, akajifunze."

Maro ni kaka yangu, hakuwahi kukosa jibu. Siku ile alikunywa chai yote kwanza. Akasema, "Atapelekwa."

Njiani kurudi Buya alinishukuru. Mama Buya, mke wangu, alikuwa amekaa na kina mama muda wote na alisikia kila kitu. Alisema neno moja kabla hatujafika Garsen. "Umecheka vizuri."

Wakaoana. Na Rehema, kama alivyoahidiwa, akaja kwetu. Buya alikuwa amemwambia njiani, au hakumwambia, sijui, sikuuliza. Nilichojua ni kwamba asubuhi moja nilikuwa kwenye cherehani nikasikia viatu vimesimama nyuma yangu, vimesimama sana, halafu sauti ikasema, "Shikamoo, baba." Nikaitika bila kugeuka.

Sasa kwetu mkwe na baba mkwe wana heshima yao. Hamkai uso kwa uso, humshiki mkono. Na kudarizi hufundishwa kwa kushika mkono, mkono wa mwalimu juu ya mkono wa mwanafunzi kwenye fremu. Ingekuwa ni yule mama wa Kipini waliyemdhania kule Bura, angeushika. Basi tukaziweka cherehani mbili mgongo kwa mgongo, yeye akiangalia duka, mimi barabara, na nikamfundisha kwa masikio. "Unakimbia." "Umelala." "Hapo umepinda kabla ya kusimamisha sindano." Akimaliza kona anaiweka kwenye kigoda, anaondoka, mimi naigeuza upande wa nyuma, maana upande wa nyuma ndio hausemi uongo, natia alama ya chaki palipokosewa. Mnamjua leo, ndiye anayewasimamia. Mkishangaa kwa nini anawasahihisha akiwa amewapa mgongo, ndiyo sababu.

Siku moja, sindano zote mbili zikiwa zimesimama, akasema, "Baba, siku ile ya posa mimi nilikuwa nyuma ya pazia."

Nikasema, "Ndiyo."

"Nilisikia ule utani wa nyuzi. Nilicheka."

"Ndiyo."

"Nilidhani unamcheka mtu mwingine."

Akarudi kukanyaga. Nami nikakanyaga. Sauti ya cherehani yake siku ile ilikuwa moja, haikuyumba hata kidogo, na yangu ilikuwa inakimbia.

Mwaka jana akaleta habari kwamba baba yake anashuka kuja kututembelea. Safari hii hakuna aliyenituma. Niliondoka mwenyewe alfajiri, nikapanda bodaboda mpaka Idsowe, nikaketi kwenye tuta la Maro na shati la kutokea. Mtu mzima, mwenye wajukuu. Maro akaja na jembe lake begani.

"Umekuja kufanya nini?"

"Kulima."

"Na shati hilo." Akakaa karibu yangu. "Mimi nimelima tangu meno ya utoto. Sijawahi kumkimbia mtu kwa ajili ya jembe." Akaniacha na jua langu.

Jua likanishinda, nikarudi mchana. Mzee Jillo alikuwa barazani, amekalia kigoda changu, mbele ya cherehani yangu. Buya amesimama kwenye nguzo. Rehema yuko kwenye mashine yake, ametupa mgongo sisi sote.

Buya akaanza, "Baba ametoka shambani kwa—"

"Buya, mwanangu, nyamaza," Mzee Jillo akasema, bila ukali. Akanitazama. "Mkwe, nilikushika mkono siku ile nikakuta malengelenge. Mkulima gani ana malengelenge? Nilimwambia mama yake Rehema, mtu huyu ama ametoka jela ama ni mwalimu. Tukakubaliana tuombe awe mwalimu."

Akainuka kwenye kigoda changu.

"Kwa nini hukusema?"

"Niliona haya."

"Ya nini?"

Nilikuwa na miaka yangu yote ya kazi ya kulijibu swali lile. Nikatazama kopo la futi. Mzee Jillo akaingiza mkono mfukoni akatoa leso yake ya jasho, nyeupe, imefuliwa mpaka inapenyeza mwanga. Akainyoosha juu ya mashine.

"Nitie lile la majini."

Nikauliza, kwa mazoea, itaishi wapi.

"Mfukoni, hapa kifuani. Liwe kwenye kona inayotokeza nje."

Nikakaa. Nikabana leso kwenye fremu. Uzi ukakatika. Nikatunga, ukakatika tena. Nyuma yangu Rehema akasema bila kugeuka, "Baba, umeukaza uzi." Ilikuwa mara ya kwanza kunisahihisha. Nikaulegeza, nikakanyaga, yungiyungi likaota, shina kwenye ncha.

Mzee Jillo aliikunja leso akaitia mfukoni ua likiwa nje, akaagana nasi, akatelemka kwenda stendi kutafuta gari la Bura. Pale pale walipokaa wale walioniita Mama Maua, wamezeeka sasa lakini midomo yao haijazeeka, nikasikia mmoja anaita, "Mzee, hilo ua umepewa na nani?"

Akasimama katikati ya barabara. Akanyoosha mkono ule kama ubao kuelekea barazani.

"Amelishona mkwe wangu. Yule pale."

Watu wakageuka kunitazama. Nami nikainama chini ya cherehani kutafuta mkasi, nikautafuta mpaka gari lake likaondoka, na mkasi ulikuwa umening'inia shingoni mwangu.